JUMATANO: Mnyweshaji Aliyengoja Kusema

Soma Nehemia 1:1-4, 11 na 2:1-8. Nehemia alikaa muda gani kabla ya kumweleza mfalme haja yake? Alifanya nini katika muda huo?

Nehemia alikuwa mtumishi katika jumba la mfalme wa Uajemi, huko Shushani. Habari za ukuta wa Yerusalemu uliobomoka zilimfikia mwezi wa Kisleu, naye alizungumza na mfalme Artashasta mwezi wa Nisani, yapata miezi minne baadaye. Katikati hapo aliendelea na kazi yake, na mzigo wake akaupeleka kwa Mungu kwa kufunga na kuomba. Mfalme alipouona uso wake wenye huzuni, Nehemia aliogopa sana. Hata hivyo, alipoulizwa hakuficha. Aliomba moyoni, kisha akajibu kwa heshima, akiwa ameshajua muda, barua na miti atakayohitaji.

Mahali pa kazi pana mipaka ya kusema, na si kila mpaka ni mateso. Muda wa kazi umelipiwa na mwajiri, na siri ya mgonjwa au ya mteja si mali ya mfanyakazi. Januari 2013, Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilitoa uamuzi kuhusu Wakristo wawili wa Uingereza waliozuiwa kuvaa msalaba waziwazi kazini. Mfanyakazi wa shirika la ndege la British Airways alishinda, kwa kuwa msalaba wake mdogo haukuwadhuru wengine. Muuguzi alishindwa, kwa kuwa hospitali ilihofia kwamba mgonjwa angeweza kuuvuta mkufu, au mkufu ungegusa kidonda. Wote wawili walikuwa na imani. Kilichopimwa ni usalama wa jirani.

Soma Mhubiri 3:7. Wakolosai 4:5, 6. Na Matendo 4:18-20. Mkristo atatambuaje wakati wa kunyamaza na wakati wa kusema?

Mwajiri anayemwambia muuza dawa asihubiri dukani saa za kazi hajamzuia kumtii Mungu. Uaminifu wake, upole wake na chenji anayorudisha kamili vitasema. Lakini mwajiri huyo huyo akimwamuru abandike tarehe mpya juu ya dawa iliyokwisha muda wake, amedai kisicho haki yake. Hapo kunyamaza ni kushuhudia uongo (Kutoka 20:16), na atakayelipa ni mtoto mgonjwa wa mtu mwingine.

Hata hapo, njia ya kusema ina uzito. Danieli alianza kwa kumwomba mkuu wake, tena akapendekeza jaribio la siku kumi (Danieli 1:8-14). Muuza dawa naye aanze na mwajiri wake, faraghani, bila kumwaibisha. Asiposikilizwa, apeleke jambo hilo kwa mamlaka inayohusika. Huenda akafukuzwa, na karo ya watoto haitangoja. Maandiko hayafichi gharama hiyo: Danieli alitoka salama katika tundu la simba, lakini Yohana Mbatizaji hakutoka gerezani akiwa hai. Wote wawili Mungu aliwahesabu kuwa waaminifu. Kanisa linalomsifu shahidi wa namna hiyo siku ya Sabato linapaswa pia kugonga mlango wake Jumapili, likiwa na unga mkononi.

Maswali ya Kujadili:

1. Kwa nini ni rahisi kwa mwamini kupaza sauti kuhusu imani yake kazini, lakini akanyamazia mizani ya udanganyifu?

2. Ni katazo gani kazini kwako ambalo umeliita mateso, kumbe linamlinda jirani?

3. Mshiriki wa kundi lenu akipoteza kazi kwa kukataa kusema uongo, mtamsaidiaje katika mwezi wa kwanza?