Faini si bei ya kukimbiza gari

IPO hoja ambayo nimeisikia kwa madereva wengi wa Dar es Salaam, wengine wakiwa ni watu wa swala tano. Wanasema: "Nikikamatwa nakimbiza gari kwenye ujenzi, nalipa faini, yamekwisha." Yaani wanaiona faini kama bei. Ukiwa na fedha, mwendo umeununua. Je, aliyelipa faini ametua mzigo wake mbele ya Allah?

Kwanza, wapo wanaodhani alama za barabarani ni mambo ya kidunia tu. Si sahihi. Mwaka 1993, wanazuoni wa Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, chombo cha OIC, walikutana Brunei wakapitisha kuwa kufuata sheria za barabarani zisizopingana na Uislamu ni wajibu. Wakasema pia kuwa maslaha ya watu yanahitaji adhabu za kuwakanya wakiukaji, ikiwemo adhabu ya mali. Hii ndiyo taazir. Lengo lake ni kukanya, si kuuza ruhusa.

Pili, tumtazame anayelindwa. Tangu ujenzi wa njia za mwendokasi ulipoanza mwaka 2012, vibarua wamefanya kazi Barabara ya Morogoro, kisha Kilwa, Nyerere na Bagamoyo, magari yakipita hatua chache nyuma ya migongo yao. Kibarua aliyeinamia koleo hana bodi ya kumkinga wala mkanda. Ana koni ya plastiki na uchamungu wa dereva. Na gari lililo katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa likifunga breki, huburuzika takriban mara nne ya lile la kilomita 40.

Sasa, faini inakwenda serikalini. Haki ya kibarua je? Katika Suratun Nisaa, aya ya 92, Allah ameweka hukumu ya anayemuua Muumini kwa kukosea tu, bila kukusudia: dia kwa warithi, na kafara ya kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge miezi miwili mfululizo. Warithi wanaweza kusamehe dia. Kafara haisameheki, kwa kuwa ni haki ya Allah. Ikiwa hayo ni ya aliyekosea, vipi aliyekiona kibao akaongeza mwendo kwa kuwa anayo fedha ya faini? Risiti ya trafiki haifuti hata moja kati ya haki hizo.

Watasema: mbona vibao huachwa miezi mingi baada ya kazi kwisha, na askari wengine wanavizia chochote cha mfukoni? Hoja hii ina ukweli. Kanuni ya fiqhi inataka uamuzi wa mtawala juu ya raia ufungamane na maslaha yao. Kibao kisicholinda mtu, kikageuzwa mtego, ni dhulma, na wahusika watahesabiwa. Lakini dhulma yao haimhalalishii dereva kujifanya kadhi akiwa nyuma ya usukani. Hajui nani yuko nyuma ya lile lundo la kifusi.

Nasi abiria tunaopiga kelele "kanyaga mafuta, tumechelewa", tusijitoe. Anayehimiza dhambi ana fungu lake.

Ndugu Waislamu, tupunguze mwendo hata pale ambapo trafiki hayupo. Allah yupo.

Wallahu aalam.