Uzima wa Mtu na Tiba ya Mwili

Katika Kiswahili neno "mzima" lina maana mbili zisizotengana: asiyeugua, na aliye kamili, asiyepungukiwa. Lugha yetu basi yatufundisha kwamba afya ni ukamilifu wa mtu, wala si kutoumwa tu. Katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika mwaka 1948, nayo yakiri kwamba afya ni hali njema ya mwili, ya akili na ya maisha katika jamii.

Tiba ya hospitali huutafuta ugonjwa mahali ulipo. Damu hupimwa, kijidudu hutambuliwa, dawa hutolewa kwa kipimo. Manufaa yake hayana ubishi: kwa chanjo, ndui ilitokomezwa ulimwenguni, na jambo hilo likatangazwa rasmi mwaka 1980. Mganga wa jadi huanzia kwingine. Huuliza: mgonjwa amefiwa? Ana ugomvi na nduguye? Nani atamwuguza? Kwake matibabu ni shauri la ukoo, na kupatana kwa ndugu ni sehemu ya dawa.

Elimu hiyo ilidharauliwa sana wakati wa ukoloni. Baada ya uhuru, mwaka 1974, kilianzishwa kitengo cha kuchunguza dawa za asili pale Muhimbili, na mwaka 2002 Bunge likatunga Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala.

Hata hivyo yatupasa tujiulize: je, kuiheshimu jadi kwatuondolea wajibu wa kupima? Hasha. Mwaka 2011 maelfu ya watu walimiminika Samunge, Loliondo, kunywa kikombe walichotumaini kingewaponya maradhi sugu. Kutumaini si kosa. Lakini tumaini si ushahidi, na mgonjwa aachaye dawa zake kwa ajili ya tumaini aweza kulipa kwa roho yake. Vivyo hivyo, tabibu amwitaye mgonjwa kwa namba ya kitanda, asimtazame usoni wala kumweleza ugonjwa wake, ametibu kiungo na kumwacha mtu. Wa kwanza amenyimwa ukweli. Wa pili amenyimwa utu. Wote wawili wamedhulumiwa.

Serikali yetu humwita daktari wake wa juu kabisa Mganga Mkuu. Jina hilo tusilichukulie kuwa pambo. Latudai tabibu ajifunze kusikiliza, na mganga akubali kuchunguzwa, ili mgonjwa arudi kwao akiwa mzima kwa maana zote mbili.