Zimwi Tulilolishona Wenyewe

Ndugu msomaji, katika nyumba zetu nyingi mambo huwa hivi. Baada ya sala ya Isha watoto hujikusanya mbele ya televisheni, au huinamia simu, wakatazama picha za wafu wanaofufuka na majumba yenye mizuka. Mama hukasirika akasema uzimwe upuuzi huo. Baba naye husema, waacheni, ni mchezo tu. Wote wawili wana haki kidogo, na wote wawili wamelisahau swali lililo kubwa zaidi: hicho kinachotisha katika hadithi hiyo kimetoka wapi, na ni nani aliyekileta?

Hadithi za namna hii zina ukoo wake. Mwaka 1764 Mwingereza Horace Walpole alitoa kitabu kiitwacho The Castle of Otranto, habari za ngome ya Italia na ukoo uliolaaniwa. Chapa ya pili, ya mwaka 1765, akaiita hadithi ya Kigothi, na jina hilo likabaki kwa vitabu vyote vya jinsi hiyo, na baadaye kwa sinema. Kanuni yake ni moja tu: dhambi iliyofichwa hairidhiki kufichwa. Mfu harudi bure. Hurudi kwa sababu kuna jambo ambalo wenye uhai hawakulimaliza.

Maarufu kuliko zote ni Frankenstein, kitabu cha mwaka 1818. Mwandishi wake, Mary Shelley, alianza kukitunga akiwa binti wa miaka 18. Wengi hudhani kuwa Frankenstein ni jina la zimwi. Sivyo. Ni jina la kijana msomi aliyelitengeneza, kisha akaitazama kazi ya mikono yake, akaogopa, akaikimbia. Sinema ya mwaka 1931 ililifanya zimwi hilo kuwa karibu bubu, lakini kitabuni linasema, tena linamlaumu aliyeliumba na kulitupa.

Basi hadithi hii, baada ya miaka karibu mia mbili, ilihamia katika mji tunaoujua sana kwa elimu na kwa misiba. Mwaka 2013 mwandishi wa Iraq, Ahmed Saadawi, alitoa kwa Kiarabu kitabu chake Frankenstein katika Baghdad, na mwaka 2014 kikapata Tuzo ya Kimataifa ya Riwaya za Kiarabu. Habari zake ni za mwaka 2005, wakati mabomu yalipokuwa yakilipuka mjini humo kila mara. Yuko mtu aitwaye Hadi, mwuza vikorokoro katika mtaa wa Bataween. Rafiki yake anauawa kwa bomu. Hadi anapokwenda chumba cha maiti anakuta viungo vya watu vimechanganyika, hapajulikani mkono wa huyu wala mguu wa yule. Toka hapo anaanza kuokota vipande barabarani na kuvishona pamoja, viwe maiti mmoja kamili, ili apate kuheshimiwa na kuzikwa kama binadamu, asifagiliwe kama taka.

Tusimcheke Hadi. Nia yake sisi tunaifahamu. Maiti kwetu huoshwa, huvikwa sanda, husaliwa, na tumefundishwa kuwa hata mfupa wake una heshima, haufai kuvunjwa. Toka kisa cha wana wa Adamu, kunguru alipotumwa kumwonyesha muuaji jinsi ya kumsitiri nduguye, kuzika ni wajibu wa waliobaki.

Lakini maiti wa Hadi hakuzikwa. Roho ya mlinzi wa hoteli aliyelipuliwa, isiyokuwa na mwili wa kurejea, ikaingia ndani yake, naye akaondoka kwenda kulipa kisasi kwa niaba ya kila kiungo alicho nacho. Mwanzoni kazi yake yaonekana ni haki: anawaua wauaji. Kisha anagundua kwamba kila akimlipia mmoja, kiungo cha huyo huoza na kuanguka. Akitaka kuendelea lazima apate kingine. Siku moja macho yanamwishia, akamwua mzee asiye na kosa ili apate macho mapya, na hoja ya kujitetea hakuikosa. Baadaye anaungwa kwa nyama ya wahalifu pia, hata yeye mwenyewe hajui tena sehemu gani yake ni mdhulumiwa na sehemu gani ni dhalimu.

Hapa ndipo penye hofu ya kweli. Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Baghdad ya miaka ile iliijaribu dawa hiyo mtaa kwa mtaa, na moto haukupoa. Tena hofu peke yake ilitosha kuua: tarehe 31 Agosti 2005, juu ya Daraja la Maimamu, mahujaji waliokuwa wakienda kuzuru Kadhimiya walisikia uvumi kwamba katikati yao yumo mtu mwenye bomu. Wakakimbia, wakakanyagana, wakaanguka mtoni, wakafa karibu watu elfu moja. Mtu mwenye bomu hakuonekana.

Dini yetu haikumnyima mdhulumiwa haki yake. Imempa walii wa aliyeuawa madaraka, lakini ikamwekea mipaka: asipite kiasi, amshike muuaji mwenyewe si nduguye, na ajue kuwa kusamehe ni bora. Mipaka hiyo si udhaifu. Imewekwa kwa kuwa Mola anajua kwamba kisasi kisicho na mpaka hakishibi. Kila siku kinataka kiungo kipya.

Wala tusiseme hayo ni ya Iraq. Ni nyumba ngapi ambamo ndugu hawasemezani kwa shamba la mirathi lililogombewa na babu zao? Waliodhulumiana wamekwisha kufa, lakini wajukuu wanaokota maneno yao kipande kipande, wanayashona, na kuyapa roho mpya. Huko arusini hawaendi, hata jeneza hawataki kulishika pamoja. Zimwi lile halikutoka porini. Tumelishona wenyewe, kwa uzi wa jina zuri, tukaliita haki.

Basi mama akizima televisheni kwa ajili ya mtoto mdogo asiyepata usingizi, amefanya vyema. Lakini kwa kijana aliyekwisha pata akili, afadhali mzazi aketi naye na kumwuliza: huyu mfu amerudi kudai nini, na nani angeweza kumtuliza kabla hajainuka? Kisha naye mzazi ajiulize, ndani ya nyumba yake mwenyewe, ni maiti gani amekataa kumzika.

Wallahu aalam.