Shauri Jema Ni Deni la Nani?

Kila mwaka, inapokaribia miezi ya Oktoba na Novemba, huonekana katika vituo vya mabasi vya Ngara na Biharamulo vijana wenye masanduku mapya. Waenda vyuo vikuu: wengine Mwanza, wengine Dodoma, wengine Dar es Salaam, mwendo upitao kilomita 1,200. Wazazi huwasindikiza kwa baraka na kwa machozi. Lakini wako miongoni mwao ambao, baada ya mwaka mmoja au miwili, hurudi kimya kimya bila shahada. Na mtu akiwauliza, hujibu kwa mkato kwamba mambo yalikuwa magumu. Leo twapenda kutafakari pamoja na wasomaji wetu swali moja: kijana akipotea chuoni kwa kukosa mtu wa kumshauri katika masomo yake, deni hilo ni la nani?

Watu wengi hujibu upesi: ni lake mwenyewe. Amekwisha kuwa mtu mzima, ana akili timamu, na hakuna aliyemkataza kuuliza. Jibu hilo twaliheshimu, maana lina kweli ndani yake. Hata hivyo halitoshi. Mwanadamu huchagua kati ya mambo anayoyajua; asilolijua hawezi kulichagua wala kulikwepa.

Tuangalie hali ilivyo. Shahada ya kwanza ya miaka mitatu hapa Tanzania hudai krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka. Kila krediti huhesabiwa kuwa kazi ya saa 10, basi mwaka mmoja ni saa 1,200 za kusikiliza, kusoma na kuandika. Yako masomo ya lazima na masomo ya hiari. Yako ambayo huruhusiwi kuyasoma mpaka umefaulu mengine yaliyotangulia. Wastani wa alama huhesabiwa kwa kipimo cha 5, na asiyefikisha 2.0 hapati shahada. Aliyeanguka somo huenda akapewa mtihani wa marudio, au akabeba somo hilo hadi mwaka unaofuata. Mkopo wa Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, nao hufuatana na maendeleo ya mwanafunzi. Tena aliyeugua au kufiwa hana budi kuomba kwa maandishi kuahirisha masomo. Akiondoka tu, huweza kuhesabiwa kuwa ameacha chuo.

Sasa, mambo haya baba mkulima wa Rulenge au mama wa Nyakahura atayajua wapi? Baba huyo ajua kahawa ikatiwe matawi lini, na jinsi ya kusuluhisha ugomvi wa mpaka wa shamba. Kwa elimu hiyo amemlea mtoto wake vema. Lakini juu ya krediti na marudio hana neno la kumwambia. Mtoto wa nyumba ambamo baba, mama na shangazi wote wamepita chuo kikuu huyasikia hayo mezani tangu utotoni. Wote wawili waingia kwa mlango mmoja, wakalia mtihani mmoja. Mmoja ameonyeshwa njia, mwingine aipapasa gizani. Kusema kwamba wote wawili wana uhuru ulio sawa si haki.

Kwa sababu hiyo twasema kwamba shauri la masomo si hisani ambayo mwalimu humtolea mwanafunzi akipenda. Mwenye nyumba akimkaribisha mgeni usiku humwonyesha kisima kiko wapi na shimo liko wapi. Asipomwonyesha, na mgeni akatumbukia, hatuwezi kumlaumu mgeni peke yake. Vivyo hivyo chuo kinachompokea kijana na kuchukua ada yake kimekwisha kujifunga kumwonyesha njia.

Zamani wajibu huo ulikuwa mwepesi. Chuo Kikuu kilipofunguliwa Dar es Salaam mnamo Oktoba 1961 kilikuwa na wanafunzi 14 tu, wote wa sheria. Mwalimu aliweza kumjua kila mmoja kwa jina na kwa sura. Leo wanafunzi wa chuo hicho ni makumi ya maelfu, na mwalimu mmoja huweza kukabidhiwa majina mengi kuliko awezavyo kukumbuka. Tena hupandishwa cheo kwa maandiko yake kuliko kwa vijana aliowaokoa. Hatumlaumu mwalimu huyo. Twasema kwamba wingi wa wadai haufuti deni.

Jambo hili si geni duniani. John Henry Newman, ambaye Kanisa lilimtangaza mtakatifu mwaka 2019, alikuwa mwalimu mlezi katika chuo cha Oriel, Oxford, tangu mwaka 1826. Yeye alishikilia kwamba kumlea mwanafunzi si kumfundisha vitabu tu, bali ni kuichunga nafsi yake pia. Mkuu wa chuo, Edward Hawkins, hakukubaliana naye, na tangu mwaka 1830 akaacha kumpa wanafunzi wapya. Basi Newman alipoteza kazi ile kwa sababu aliichukua kuwa kubwa mno. Ni afadhali hasara ya namna hiyo kuliko faida ya mwalimu ambaye hutia sahihi fomu ya mwanafunzi bila kuinua macho.

Nasi tunao mfano wa kwetu. Julius Nyerere alipokuwa akifundisha katika shule ya Mtakatifu Maria, Tabora, mkuu wa shule, Padre Richard Walsh, alimhimiza kwenda kusoma zaidi Uingereza. Akaenda Edinburgh mwaka 1949, akarudi na shahada mwaka 1952. Padre hakumsomea vitabu wala hakumfanyia mitihani. Aliona uwezo uliokuwamo ndani ya kijana yule, akamwelekeza mahali ambapo ungekua. Basi hiyo ndiyo kazi ya mshauri.

Lakini yafaa tutofautishe shauri na amri. Tuchukue habari ya nikeli ya Kabanga, wilayani Ngara. Tangu mkataba wa Serikali na wawekezaji ulipotiwa sahihi Januari 2021, ni rahisi kwa mjomba kumwambia kijana yeyote, “Soma madini, kazi itakuwa mlangoni pako.” Pengine ni neno jema kwa mmoja, lakini kwa mwingine, ambaye hesabu na fizikia humtoa jasho na ambaye kipawa chake ni kuuguza wagonjwa, ni mzigo wa kumvunja mgongo. Mjomba huyo ametazama mgodi, hakumtazama kijana. Mshauri wa kweli huanza kwa kusikiliza. Kisha hueleza njia zilizopo na gharama ya kila moja, halafu huuacha uamuzi mikononi mwa mwenyewe, maana ndiye atakayeishi nao.

Je, upande wa kijana hakuna wajibu? Upo, tena mkubwa. Mtakatifu Thoma wa Akwino alihesabu utayari wa kufundishwa kuwa sehemu ya busara yenyewe, kwa kuwa mambo ya maisha ni ya namna nyingi mno, na mtu mmoja hawezi kuyaona yote peke yake. Hata wazee, alisema, wauhitaji. Kuuliza si ujinga. Basi, mwanafunzi, katika majuma yako ya kwanza ulizia idarani ni nani mshauri wako wa taaluma, ujue chumba chake na saa zake. Nenda kwake na matokeo yako mkononi na swali lililoandikwa. Usingoje mitihani ikushinde. Ukimkuta hana nafasi, rudi. Asipopatikana kabisa, mwendee mkuu wa idara uombe mwingine bila kuona haya. Mambo ya mkopo, maradhi na misiba yapeleke katika ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi. Wasikilize pia waliokutangulia mwaka mmoja, maana kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Lakini maneno yao yapime kwa kitabu cha kanuni za chuo, kwa kuwa kanuni hubadilika.

Nasi tuliobaki nyumbani tusijivue. Kupotea kwingi huanza mapema, kijana wa kidato cha nne anapochagua tahasusi kwa kufuata rafiki. Baadaye, akitaka kuingia chuo kikuu, huulizwa masomo mawili makuu yenye pointi zisizopungua 4, na kozi nyingi hutaja masomo hayo kwa majina. Aliyekosea hapo hukuta mlango umefungwa hata kama alama zake ni nzuri. Katika wilaya zetu wako walimu, waganga na mabwana shamba waliopita vyuoni. Kila mmoja wao akimchukua kijana mmoja wa kijiji chake, akamweleza haya kabla hajapanda basi, wangapi watasalimika!

Wazazi nao twawaomba jambo moja. Mnapouza ng'ombe au kipande cha shamba kwa ajili ya masomo, msimfanye kijana aogope kuwaambia kwamba ameanguka somo. Kijana aogopaye nyumbani huficha na chuoni pia, na somo moja lililofichwa huzaa matatu. Mwambieni mapema: ukikwama, sema.

Basi, deni ni la nani? Twajibu: chuo chadaiwa kuonyesha njia, jamaa na majirani wadaiwa kumwandaa msafiri, na kijana adaiwa kuuliza na kisha kuamua. Mmoja akishindwa kulipa, wengine hawasamehewi sehemu yao. Na kwa yule aliyekwisha kurudi, aketiye sasa nyuma ya nyumba ya baba yake huko Bugarama au Lusahunga akiona haya kupita barabarani, deni letu bado halijalipwa. Mtu na amwendee juma hili, amwulize ni masomo gani yaliyobaki, kisha amsaidie kuandika barua kwa chuo.