Gari Kuukuu na Moyo wa Mwenyewe

Hivi karibuni, tukiwa safarini kutoka Kilosa kwenda Mikumi, tulikaribishwa katika nyumba ya mjane mmoja, si mbali na mto Mkondoa. Uani mwake, chini ya mwembe, tulilikuta gari la Land Rover la namna ile ya 109. Limewekwa juu ya mawe, magurudumu hayamo, na kuku wamefanya kiota katika kiti cha nyuma. Marehemu mumewe alilinunua likiwa limekwisha kutumika miaka mingi katika shamba moja la mkonge upande wa Kimamba. Naye akalitumia tena miaka mingi, mpaka nguvu zikawaishia wote wawili, yeye na gari lake.

Watoto watatu wa nyumba ile walikuwapo siku hiyo, nao walikuwa na shauri zito. Kifungua mimba, ambaye afanya kazi Dar es Salaam, ataka gari lifufuliwe, lirudi kama lilivyokuwa siku lilipotoka kiwandani. Amekwisha kuweka akiba kwa ajili hiyo. Ndugu yake wa pili, aliyebaki nyumbani akilima na kumtunza mama yao, ataka liuzwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na fedha itakayopatikana iezeke nyumba na kulipa karo. Binti wa mwisho ajifunza ufundi wa magari huko Mikumi. Yeye hakusema neno, ila tuliona kwamba kabureta imekwisha kufunguliwa, ikapanguswa vizuri, ikafungwa katika kitambaa safi.

"Padre," akauliza yule wa pili, "ni haki kweli kutumia mamilioni ya shilingi kwa chuma kilichokufa, na watoto wangu wanalala chini ya bati linalovuja?" Kaka yake akajibu kwamba hicho si chuma tu, ni baba. Ndipo mama yao akasema, "Wanangu, mimi nataka kujua jambo moja. Likipona, litalala hapa au litalala Dar es Salaam?" Hakuna aliyemjibu.

Sisi nasi hatukujibu siku ile, maana haifai kukata shauri la watu kabla chai yao haijapoa. Twajibu hapa, kwa kuwa twajua kwamba uani mwa nyumba nyingi za nchi hii, toka Moshi mpaka Songea, limesimama gari la namna hiyo: Land Rover, Peugeot 404, Volkswagen au lori la Bedford, na pembeni yake wamesimama ndugu wasioelewana.

Kwanza yafaa tulifahamu gari lenyewe, maana hukumu njema hutanguliwa na habari kamili. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948. Vita vilikuwa vimekwisha karibuni, na huko Uingereza chuma cha pua kilikuwa adimu, chagawiwa kwa kipimo. Basi walioliunda wakatengeneza bodi kwa mchanganyiko wa alumini, na chasisi, yaani mifupa inayobeba kila kitu, ikawa ya chuma cha pua. Kwa sababu hiyo gari hili lina tabia moja ya ajabu: bodi haioti kutu, bali chasisi yaoza. Waweza kuliona limesimama mbele yako, milango mizima na boneti nzima, nawe ukiingia chini yake wakuta mifupa imekuwa kama biskuti. Namna ya 109, iliyoitwa hivyo kwa sababu toka mhimili wa mbele hata wa nyuma ni inchi 109, imewabeba mabwana shamba, waganga, askari wa wanyama pori, makatekista na magunia ya mahindi. Ukoo ule wa magari uliendelea kuundwa hata tarehe 29 Januari 2016, lilipotoka gari la mwisho katika kiwanda cha Solihull.

Wala tusidhani kwamba kijana wa Kilosa yu peke yake katika mapenzi haya. Huko Marekani mwaka 1964 kampuni ya Pontiac ilitoa gari liitwalo GTO, lenye injini ya silinda 8 na ukubwa wa lita 6.4, likitiwa katika umbo la gari la kawaida la familia. Makampuni mengine yakafuata, kila moja likishindana kutia nguvu kuliko jirani yake, na watu wakayaita magari ya misuli. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, siku zake zikawa zimekwisha. Lakini wazee waliokuwa vijana wakati ule wangali wanayatafuta katika mabanda ya mashamba. Huyafungua hata nati ya mwisho, huyarudisha upya, na yale yaliyo adimu huuzwa kwa bei ipitayo bei ya nyumba. Hapa kwetu pia, mwezi wa Oktoba 2024, Land Rover mamia kwa mamia zilikusanyika mjini Arusha, na watu wakatoka nyumbani kwenda kuzitazama kama watu waendao arusini.

Watu hawa watafuta nini? Sisi twaona kwamba mtu alipendaye gari kuukuu aweza kuwa anapenda mojawapo ya mambo matatu. Aweza kupenda kumbukumbu ya aliyekuwa nalo. Aweza kupenda sifa, yaani kutazamwa na watu akipita. Au aweza kupenda kazi ambayo gari lile lilifanya, akatamani iendelee. Mara nyingi mambo haya matatu hukaa pamoja katika moyo mmoja, na mwenyewe hajui lipi lililoshika usukani.

Tuanze na kumbukumbu. Kifungua mimba asema, "Hilo ni baba." Twamheshimu kwa neno hilo, lakini tumwulize jambo. Mwandishi wa kale, Plutarch, asimulia kwamba watu wa Athene waliitunza merikebu ya shujaa wao Theseus, yenye makasia 30. Kila ubao ulipooza waliutoa, wakatia mpya mahali pake. Hata wenye hekima wakaanza kubishana kama merikebu ile ni ileile au imekuwa nyingine. Shauri hilo la Athene limo uani kule Kilosa. Chasisi itabadilishwa, maana imekwisha oza. Injini ya kwanza huenda isipone, na mafundi wetu wengi hutia injini ya gari la Kijapani. Viti vitashonwa upya, na nyaya zitatandikwa upya. Baada ya hayo yote baba yumo wapi? Hayumo katika ubao wala katika chuma. Kama kuna kitu cha baba kinachoweza kubaki, ni ile kazi aliyoifanya na namna alivyoifanya. Basi anayetengeneza vyuma vyote akaiacha kazi, amepata gari la mtu mwingine. Na anayeshika kazi ile hata kwa baiskeli, amerithi.

Kwa sababu hiyo yatupasa kuuliza, kazi ya gari lile ilikuwa nini? Tulisimuliwa na majirani. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, maji yakaingia Kilosa, reli ikakatika na watu maelfu wakahama nyumba zao. Siku zile mzee aliwasha gari lake asubuhi na kulizima usiku. Alibeba watoto, magodoro, wagonjwa na mbuzi, na hakumtoza mtu. Mafuta yalipokwisha, majirani wenyewe walichangishana. Na katika siku za kawaida, mama aliyeshikwa na uchungu wa uzazi usiku wa manane alijua ni mlango gani wa kugonga.

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la mali. Mtakatifu Thomas wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba mtu ana haki ya kupata mali na kuisimamia iwe yake, kwa kuwa kila mtu hutunza zaidi kilicho chake, na mambo ya watu wote pamoja huharibika kwa kutegeana. Lakini katika kuitumia, asema, mtu asiihesabu kuwa yake peke yake, bali awe tayari kumshirikisha mwenye shida. Mwenye ufunguo ni mmoja, wenye kunufaika ni wengi. Mzee yule labda hakupata kusikia mafundisho hayo, lakini alikuwa ameyafuata. Gari lilikuwa lake: hakuruhusu mtu kuligusa bila idhini, na alilipaka grisi kwa mkono wake mwenyewe kila juma. Na gari hilohilo lilikuwa la mtaa mzima usiku mtu alipougua.

Sasa tumgeukie ndugu wa pili, maana naye ana haki ambayo haifai kupuuzwa. Watu husema kwamba mwenye kuuza gari la baba yake kwa chuma chakavu hana moyo. Sivyo. Bodi ile ya alumini ikiyeyushwa yaweza kuwa sufuria, na sufuria huwalisha watoto. Sisi hatuoni aibu katika hilo. Bati linalovuja ni jambo la leo, na mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa karo hawezi kungoja mpaka kipuri kifike kutoka ng'ambo. Njiani kati ya Kilosa na Mikumi kuna kijiji kiitwacho Ulaya. Ndugu yule alitutania kwamba kama vipuri vingepatikana katika Ulaya ile, asingekuwa na neno. Tulicheka, lakini neno lake lina uzito. Mali ya familia kwanza yawahusu walio hai, na zaidi wale walio wadogo. Anayemheshimu marehemu kwa kuwanyima wajukuu wake, hamheshimu.

Basi je, gari liuzwe? Laiti pasingekuwapo na yule binti, tungesema hivyo bila kusita. Lakini tumeona ile kabureta katika kitambaa safi. Kufufua chombo kilichokufa ni shule. Humfunza kijana kwamba kitu hakiponi kwa kutamaniwa, bali kwa kufunguliwa nati moja baada ya nyingine, kila moja ikiwekwa mahali pake. Humfunza kusema kweli, maana injini haidanganyiki: ama inawaka, ama haiwaki. Katika siku zetu, ambapo kitu kikiharibika kidogo hutupwa na kingine kununuliwa, mafunzo hayo yamekuwa adimu. Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda, nasi twaona vidonda vingi vikinunuliwa kwa mkopo.

Hata hivyo, tulimwuliza kifungua mimba ataanzia wapi, naye akajibu upesi, "Rangi, Padre. Kijani kilekile cha zamani." Hapo tulihuzunika. Tumekwisha kusema kwamba gari hili huoza mahali pasipoonekana. Mwenye kuanza na rangi huficha kutu, na gari lenye rangi nzuri na breki mbovu ni hatari kwa kila aliye barabarani. Barabara kuu ya Iringa hupita katikati ya hifadhi ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, na hapo twiga na nyati huvuka watakapo. Dereva asiyeweza kusimama gari huangamiza mnyama, au yeye mwenyewe na abiria zake. Bwana wetu alipotaka kutuonya juu ya hazina za dunia alitaja kutu. Nasi twaongeza kwamba kuna kutu ya moyo, nayo huanza pale mtu apendapo kuonekana mwema kabla hajawa mwema.

Shauri letu basi ni hili, kwa nyumba ile na kwa nyumba nyingine zenye gari juu ya mawe. Kwanza karo na bati. Kabla hayo hayajalipwa, isinunuliwe hata nati moja. Pili, fedha ya kwanza iende kwenye chasisi na breki, na rangi iwe ya mwisho. Tatu, kazi ifanyike uani kwa mkono wa binti na fundi atakayemsimamia, wala gari lisipelekwe mbali na kurudishwa likiwa tayari, maana hapo familia itakuwa imenunua gari na kupoteza shule. Nne, pawekwe muda, tuseme miaka miwili; ukipita bila gari kutembea, liuzwe, na asilaumiwe mtu. Kitu ambacho mwenyewe hawezi kukiacha, hicho ndicho kimemmiliki yeye.

Na kabla ya yote hayo, kifungua mimba amjibu mama yake. Kama gari litalala Dar es Salaam, aseme wazi kwamba ajinunulia pambo kwa fedha yake. Si dhambi, ikiwa haki za wengine zimetimizwa, lakini asilitaje jina la baba katika jambo hilo, na ndugu zake wapewe sehemu yao ya thamani yake. Kama litalala hapa, chini ya mwembe, ufunguo ukitundikwa mahali pake pa zamani na jirani akijua mlango wa kugonga, basi na alitengeneze. Nasi tutafurahi kupakiwa siku ya kwanza mpaka Mikumi, hata kama tutafika tukiwa wekundu kwa vumbi.

Wasomaji wetu wenye magari kama hayo, kabla ya kumwita fundi, waitane kwanza wenyewe, na aliye kimya katika nyumba aulizwe.