Upinde wa Babu

Huko Uingereza wako watu wavaao deraya za pete za chuma, zilizofuliwa mfano wa zile za kale, na kuigiza vita vya Hastings vya mwaka 1066. Taabu yao naiheshimu. Lakini je, vazi la kweli latosha kuifanya hadithi kuwa ya kweli?

Tuseme wanafunzi wa Machakos wanaigiza mwaka 1938, serikali ya kikoloni ilipotwaa ng'ombe wa Wakamba kwa hoja kwamba mifugo iliharibu ardhi. Mmoja aja na upinde wa babu yake na podo la mishale, vyote halisi. (Sumu heri iachwe nyumbani!) Watazamaji watashangilia. Walakini wale waliomfuata Muindi Mbingu kwa miguu hadi Nairobi hawakwenda kupiga vita. Walikwenda kudai ng'ombe wao, wakakaa huko majuma kadhaa wakingojea jibu. Naye Muindi akahamishiwa Lamu. Kumtia mshale mkononi, hata uwe wa kweli namna gani, ni kumsingizia, tena ni kumpokonya ushujaa wake.

Yule mwanafunzi na autundike tena upinde wa babu, aje mikono mitupu, aketi jukwaani, angoje.