Shimo Lisilofunikwa

Soma kwa ajili ya somo hili: Kutoka 21:28–36, Mambo ya Walawi 6:1–7, Mathayo 27:3–8, Luka 19:1–10.

Kule Mang'ula, chini ya milima ya Udzungwa, nyumba nyingi zimejengwa kwa tofali za kuchoma. Udongo huchimbwa, tanuru huwashwa, tofali hubebwa, na shimo hubaki. Masika yakifika linajaa maji. Mbuzi wa jirani akizama humo, watu hawaanzi kwa kuuliza kama mchimbaji alikuwa na kibali. Wanauliza shimo ni la nani, na mwenye mbuzi atalipwa na nani.

Soma Kutoka 21:33, 34. Sheria hii haimkatazi mtu kuchimba. Inamdai kwa sababu aliacha wazi. Angalia pia fedha inakwenda wapi: haiendi kwa wazee wa mji, wala haiendi kwa makuhani. Inakwenda kwa yule aliyepoteza mnyama.

Siku hizi lipo shimo linalobebwa mfukoni. Chukulia kijana aliyetumwa na mama yake kuuza magunia matatu ya mpunga. Fedha imeingia kwenye simu, na kabla jua halijazama ameiweka yote kwenye mkeka wa mechi tano za Ulaya. Mechi ya kwanza tu, mkeka umechanika. Hakuna aliyemwibia, na kampuni aliyobeti nayo ina leseni. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda Bodi ya kuzitoa leseni hizo na kuzisimamia kampuni, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Leseni, basi, ni kibali cha kuchimba chenye sharti la kuweka uzio. Uzio ukianguka, nani analipwa?

Uingereza ilijibu swali hilo kwa namna yake Machi 2023. Tume inayosimamia kamari nchini humo ilitangaza kwamba makampuni ya kundi la William Hill yatalipa pauni milioni 19.2 kwa kushindwa kuwalinda wateja na kudhibiti fedha chafu. Mteja mmoja aliyefungua akaunti mpya aliachwa atumie pauni 23,000 katika dakika 20 bila kuulizwa lolote. Wengine 331 walikuwa wameomba wenyewe wafungiwe katika tovuti moja ya kundi hilo, lakini wakaweza kuendelea kucheza katika nyingine. Hao 331 ni wa kutazamwa sana. Walikwisha kulijua shimo, wakalifunika kwa mikono yao, na likabaki wazi upande wa pili.

Fedha ya adhabu ilielekezwa kwenye kazi za manufaa ya jamii. Ni jambo jema. Hata hivyo mtu aliyeangamia katika dakika 20 hawezi kusema amelipwa kwa sababu tu kazi njema imepata msaada.

Kenya ilipita njia nyingine. Julai 2019 serikali ilikataa kuhuisha leseni za kampuni 27 za kubeti, na Safaricom ikaagizwa kuzifunga namba zao za malipo. Ubishi mkubwa ulikuwa wa kodi, na kampuni zilipinga madai hayo. Mwishoni mwa Septemba SportPesa, ambayo mwaka 2017 ilikuwa imeanza kuzidhamini Simba na Yanga hapa Tanzania, ilitangaza kusimamisha kazi zake Kenya. Gor Mahia na AFC Leopards zikabaki bila mdhamini. Wafanyakazi wakapoteza ajira. Katika hesabu hiyo serikali ilidai sehemu yake, kampuni ikadai haki yake, na waliochanikiwa mikeka hawakuwa upande wowote wa meza. Mwaka uliofuata SportPesa ilirudi.

Soma Mathayo 27:3–8. Wakuu wa makuhani waliona wazi kwamba fedha ile haifai kuingia katika sanduku la hazina, ingawa wao ndio walioitoa kwanza. Wakainunulia shamba la kuzikia wageni. Hakuna atakayesema kuzika wageni ni vibaya. Lakini dhamiri yao iliishia kwenye sanduku. Yuda alikuwa amekwisha kuondoka, na hakuna aliyemfuata.

Lipo pingamizi zito, na darasa lisilipite haraka. Mbuzi hana akili, kijana anayo. Alilitafuta shimo kwa kidole chake mwenyewe. Ni kweli, na mama mwenye magunia matupu anamdai yeye kwanza. Kwa Mambo ya Walawi 6, aliyetumia kwa hila mali aliyokabidhiwa huirudisha yote na kuongeza sehemu ya tano, akimpa mwenyewe. Lakini kosa la mmoja halifuti la mwingine. Katika Kutoka 21:29 ng'ombe ni yuleyule na pembe ni zilezile, ila adhabu hubadilika kwa sababu mwenye ng'ombe alionywa na asimfunge. Sheria inapima kile mtu alichokijua. Na kampuni ya kubeti mtandaoni inajua mengi: saa ambayo mteja anaingia, kiasi anachoweka, na mara ngapi anaongeza fedha dakika chache baada ya kupoteza. Mwenye shimo la tofali huenda amelala mbuzi anapozama. Mwenye shimo hili anazihesabu hatua.

Zakayo naye alikuwa na kibali. Ushuru aliokusanya uliruhusiwa na wenye mamlaka, na hakuna mahali Luka anaposema kwamba mkaguzi alimkamata. Siku Yesu alipoingia nyumbani kwake, hakuzungumzia faini ya kuipelekea Rumi. Aliwataja maskini, kisha waliodhulumiwa, na akasema atawarudishia mara ngapi.

Kwa majadiliano: Kijana yule amerudi kanisani Sabato hii. Ametubu, na mkononi ana bahasha ya zaka kutokana na kibarua alichofanya kwenye miwa. Mama yake ameketi benchi la mbele, na mpunga bado haujarudishwa. Darasa limwambie nini kila mmoja wao, na lianze na nani?